Mnunuzi wa Miaka Kumi na Tano

Mwezi uliopita niliwakabidhi funguo za steshenari, nanyi mkaninunulia keki na kitenge. Keki ilikuwa nzuri. Mlinitaka niseme neno, nikasema asanteni, nikakaa, kwa sababu maisha yangu yote nimeandika yanayosemwa na wengine. Sasa nipo nyumbani Rau, hapa Moshi, asubuhi sina pa kwenda, na jogoo wa jirani hana habari kwamba nimestaafu. Nimeona niandike. Sitawaeleza nililipwa nini wala nani alinipandisha cheo, maana kwenye chumba cha watu watatu hakuna cheo cha kupanda. Nitawaeleza nilivyoanza, nilivyofundishwa, na jinsi nilivyoharibu kazi ya mteja mmoja ambaye mpaka leo nikiona fomu inauliza tarehe ya kuzaliwa, namkumbuka.

Nilianza katikati ya miaka ya themanini, wakati sabuni ilikuwa bado inaulizwa dukani kwa kunong'ona. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya uhazili. Nilishuka kutoka kwetu Uru nikiwa nimeshika viatu mkononi kwa sababu ya tope, nikavivaa nilipofika kwenye lami. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, taipureta mbili, meza moja nzima na nyingine yenye mguu wa tofali. Mwenye ofisi alikuwa Mama Filomena, mwanamke mfupi aliyefunga miwani kwa kamba ya viatu. Alifundishwa kupiga chapa na masista, na kutoka kwao alirithi rula ya mbao ambayo hakuwahi kunipigia ila aliiweka mahali ninapoiona.

Siku ya kwanza nilipewa fomu ya mtu wa Uru aliyetaka kibali cha kuuza mitumba. Ruksa ya kufanya biashara ilikuwa imeanza kuingia mjini, na kila mtu aliyekuwa na shuka la kutandika chini alitaka kuitwa mfanyabiashara. Fomu iliuliza jina la babu. Mteja hakulikumbuka vizuri, akaniambia niache, nikaacha. Baada ya wiki fomu ikarudi. Mama Filomena hakunikaripia. Aliniketisha nikaipiga upya na nakala nne za kaboni, na ukikosea kwenye kaboni nne unafuta mara nne, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha kumsikiliza.

"Kandida," alisema, "karani hasomi ulichoandika. Anatafuta ulichoacha. Usiache nafasi wazi."

Nikalishika neno hilo kama mtu anavyoshika katekisimu. Nafasi ikiuliza anuani ya mtu asiye na sanduku la posta, tuliweka la parokia au la shule. Ikiuliza kazi ya mama wa nyumbani, tuliandika mkulima, na kweli alikuwa mkulima. Na ikiuliza tarehe ya kuzaliwa, tulikuwa na dawa yake. Watu wa milimani kwetu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Walikuwa na cheti cha ubatizo. Mtoto akizaliwa Kilema au Uru, Jumapili ya pili au ya tatu yuko kanisani anamwagiwa maji, na Walutheri nao hawachelewi. Kwa hiyo tarehe ya ubatizo tuliifanya tarehe ya kuzaliwa, na hakuna aliyelalamika. Nusu ya wazee mnaowaona wakisherehekea siku zao za kuzaliwa mjini hapa wanasherehekea mkono wa Mama Filomena au wangu.

Miaka ya tisini ikaja na kazi nyingi. Waliotaka kununua kahawa kwa leseni zao walikuja, na waliokuwa wanang'oa kahawa wapande nyanya walikuja. Tukapata faksi, kisha kompyuta. Mama Filomena aliitazama kompyuta siku nzima, akauliza kengele ya mwisho wa mstari iko wapi. Nikamwambia haina, mstari unashuka wenyewe. Akasema sasa mtu atajuaje amefika. Mwaka uliofuata vidole vyake vilikataa kukunjuka, akaniachia ofisi na rula.

Intaneti iliingia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Ninyi mnaoikuta hewani hamjui adha yake. Tulipiga simu, modemu ikalia na kukoroma, na ikiwa mtu wa chumba cha pili ameinua mkono wa simu, unaanza upya. Halafu kulikuwa na mgao wa umeme. Nilijifunza kusoma barua ya mteja, kuijibu na kuituma kabla taa hazijazima, na nilijivunia kasi yangu. Nasema hivi mapema ili msije mkadhani nilikosea kwa kutojua kazi. Nilikosea kwa kuijua mno.

Mzee Damasi alifika ofisini asubuhi moja ya Julai, mwezi ambao watu wa Moshi wanakumbuka walikoweka makoti. Alitoka Kilema, akiwa na Proti, mwanawe wa mwisho, mtu mzima mwenye familia aliyekuwa akiongoza wageni mlimani. Mzee alikuwa mrefu, amevaa koti la mitumba lenye kifungo kimoja cha kampuni fulani ya ndege. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa, akaweka karatasi mezani, akaipangusa kwa kiganja.

Karatasi ilitoka Ulaya. Mgeni mmoja ambaye Proti alimpandisha mlimani alikuwa ameona kwenye intaneti duka la Uingereza linalouza silaha za kale: panga, majambia, mikuki, vitu vilivyoachwa na watu waliokufa. Kwenye ukurasa mmoja akaona neno Kilema, akauchapa, akautia kwenye bahasha kama zawadi ya kumchekesha Proti. Palikuwa na picha mbili. Moja ilikuwa ya mkuki wenye bapa refu, na kwenye bomba la chini mikato mitatu. Nyingine ilikuwa picha ya zamani ya kijana mpagazi amesimama mbele ya hema ameushika mkuki huo. Miguuni alivaa buti zilizomzidi.

"Huyu ni mimi," Mzee Damasi alisema.

Halafu akanieleza, polepole, akitazama picha na si mimi. Babu yake alikuwa mhunzi, na mikato ile mitatu ilikuwa alama yake. Kwa ukoo wao mkuki ulikaa nyumbani kwa kitindamimba, mtoto wa kiume wa mwisho, yule anayebaki na nyumba ya baba. Mwenye nyumba akifa, mkuki unatangulia mbele ya watu mpaka mgombani anakozikwa. Kitindamimba alikuwa yeye. Enzi ya Mwingereza, ndevu zikiwa ndiyo kwanza zinaota, alibeba mizigo ya Mzungu aliyekuwa anapanda mlima. Alikwenda pekupeku. Mzungu aliutaka mkuki, naye akaona buti. Asubuhi moja baba yake alipokwenda kufungulia mfereji, aliuchomoa mkuki akaupeleka, akapewa buti.

Baba yake alipouliza, alinyamaza. Lawama ikamwangukia kaka yake mkubwa, ambaye siku hizo alikuwa amegombana na baba juu ya shamba. Kaka akaenda Tanga kwenye mkonge, na hakurudi hata kwa mazishi. Baba alizikwa bila mkuki kutangulia. Kaka akafia kule kule. Mzee Damasi alikuwa amekaa na jambo hilo maisha yake yote, na Proti, aliyekuwa ameketi pembeni yake, alikuwa amelisikia wiki ile kwa mara ya kwanza.

"Nataka niurudishe, ndipo nimwambie baba," alisema. "Siwezi kwenda kumwambia mikono mitupu."

Nikamuuliza kwa nini asimwombe yule mgeni aununue kule kule, mambo yakaisha. Akasema aliutoa kwa mkono wake, na utarudi kwa jina lake. Alikuwa ameshauza dume lake la ng'ombe, na benki ilikuwa imekubali kutuma fedha pindi duka litakapothibitisha. Kilichobaki kilikuwa kujaza fomu, na fomu ndiyo kazi yangu. Nilimwambia tutamaliza kabla ya saa sita.

Ukurasa wa duka ulisema kwamba hakuna anayeuziwa silaha, hata iwe kuukuu namna gani, mpaka athibitishe ametimiza miaka kumi na nane. Nikamtafsiria. Proti akacheka. Mzee hakucheka.

"Ni sheria nzuri," alisema. "Ingekuwepo siku ile ya buti, mkuki ungekuwa nyumbani."

Fomu iliuliza mwaka wa kuzaliwa, lakini haikuruhusu uandike. Unabonyeza, orodha ya miaka inashuka, unachagua. Nikabonyeza, ikashuka, ikashuka, ikagota. Mwaka wa mwisho kabisa kwenye orodha, Mzee Damasi alikuwa tayari anachunga mbuzi. Nikamuuliza alizaliwa lini. Akasema wakati Wajerumani na Waingereza wanapigana, mama yake alimzaa wakiwa wamejificha mtoni. Mto haukuwemo kwenye orodha. Nikachagua mwaka uliokuwa chini kabisa, nikamfanya kijana kwa miaka mingi, tukatuma.

Jibu lilikuja siku ya pili. Mkuki umewekwa pembeni kwa ajili yake siku ishirini na moja. Ndani ya siku hizo alete hati yenye tarehe ya kuzaliwa: pasipoti, leseni ya udereva, au kitambulisho cha taifa. Vitambulisho vya taifa wakati ule hatukuwa navyo. Pasipoti hakuwahi kuihitaji, maana safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda juu na kushuka. Alikuwa na kadi ya ushirika wa kahawa, iliyochakaa kwenye mikunjo, inayosema ana miti mingapi ambayo alikuwa ameshaing'oa.

Tukaenda kutafuta kiapo cha kuzaliwa. Karani wa mahakama, kijana mwenye adabu, akatueleza utaratibu: anayeapa anatakiwa awe mzazi, au ndugu mkubwa aliyeshuhudia kuzaliwa. Akamuuliza Mzee kama yupo mtu mkubwa kuliko yeye.

"Kilema nzima," Mzee alisema, "mkubwa kuliko mimi ni mlima."

Karani akaandika hiyo pembeni, sijui kwa kazi gani, akatuambia turudi wiki ya pili hakimu akiwepo. Hata hakimu angekuwepo, shahidi hatukuwa naye. Tukageukia serikali ya kijiji. Mtendaji akaandika barua nzuri sana, akabandika picha, akagonga mhuri mpaka kwenye shavu la Mzee. Barua ilisema mtajwa ni mkazi halali, mwenye tabia njema, na ni mzee sana. Nikaitafsiri kwa uangalifu, nikaituma. Duka likajibu kwa adabu kwamba mzee sana si tarehe.

Siku zilikuwa zinakwenda. Mzee Damasi alikuwa akishuka kutoka Kilema kila baada ya siku mbili, anakaa kwenye benchi, anasubiri wateja wengine waishe ndipo aulize. Nilianza kumwonea haya. Mtu mwenye vitukuu, nami sina jinsi ya kumhakikishia mtu wa Uingereza kwamba si mtoto. Siku moja aliniuliza kama ingesaidia watazame mikono yake. Nikamwambia mashine yetu ya skana inaweza kuipiga mikono. Tukaipiga kweli, tukaituma. Hawakutujibu hiyo.

Ndipo Proti akakumbuka cheti cha ubatizo. Parokia ilikitoa bila shida, kimenakiliwa kwa mkono kutoka daftarini. Proti akakiacha mezani kwangu mapema asubuhi, akaenda zake mlimani na wageni kwa siku sita. Umeme ulikuwa unakatika saa nne. Nilikuwa na wanafunzi wawili wanaosubiri barua za chuo, na mama mmoja na mkataba wa kiwanja. Nikakichukua cheti nikakitafsiri. Nafasi ya kuzaliwa ilikuwa na mstari tu. Nafasi ya ubatizo ilikuwa na tarehe, na pembeni yake neno moja la Kilatini. Mikono yangu ilifanya ilichokuwa inafanya tangu nikiwa msichana: ikaichukua tarehe ya ubatizo ikaiweka kwenye kuzaliwa. Sikuacha nafasi wazi. Nikatuma pamoja na cheti chenyewe, na taa zikazima. Nilifurahi kwa kuwahi.

Jibu nililisoma baada ya siku tatu, kwa sababu simu zilikuwa mbovu. Lilikuwa fupi. Lilisema kwamba kwa mujibu wa hati tulizoleta, mnunuzi ana umri wa miaka kumi na tano. Haiwezekani kumuuzia mtoto silaha. Akaunti yake imefungwa. Mnunuzi anashauriwa azungumze na mzazi au mlezi wake.

Kwanza nilicheka, nakiri. Kisha nikakitoa cheti kwenye jalada nikakisoma kama nilivyopaswa kukisoma siku ile. Mwaka wa ubatizo ulikuwa wa juzijuzi tu, wakati mimi mwenyewe niko kwenye meza hiyo hiyo napiga kaboni. Lile neno la Kilatini, katekista aliniambia baadaye, lilimaanisha mtu mzima. Katika maelfu ya vyeti vilivyopita mikononi mwangu, hicho ndicho cha kwanza kilichokuwa cha mtu aliyebatizwa akiwa na mvi.

Mzee Damasi alikuja kesho yake. Ningeweza kumwambia mtandao haupo. Nilimsomea barua yote, nikamweleza tarehe nimeiweka mimi. Alisikiliza akiwa ameegemea fimbo.

"Rudia hiyo ya mwisho," alisema.

Nikarudia: azungumze na mzazi au mlezi wake. Ndipo akanieleza habari ya ubatizo wake, ambayo hakuna aliyekuwa ameniambia na mimi sikuuliza. Mkewe alikuwa Mkatoliki tangu utoto na alimbembeleza miaka yote ya ndoa. Yeye alikataa kwa sababu alidhani ukitaka kubatizwa ni lazima utaje dhambi zako mbele ya padre, na moja hakutaka padre aisikie kabla ya baba. Mkewe alipougua, katekista akamfafanulia kwamba ubatizo unaosha zote bila kutaja moja moja. Akabatizwa wiki hiyo hiyo, mke akazikwa akiwa na amani. Zile nyingine, alisema, aliona kabisa zimetoka. Ile haikutoka.

Kisha akaichukua ile karatasi ya kwanza, yenye picha. Akaniwekea mbele, akamgonga kwa kidole yule kijana mwenye buti.

"Waulize huyu ana miaka mingapi. Na picha hii ni ya lini."

Niliona aibu ya pili. Wiki mbili na zaidi nilikuwa natafuta karatasi ya kuthibitisha umri wake, na karatasi ilikuwa yao wenyewe, wameichapa wao, imekaa mezani kwangu. Niliandika barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika kwa Kiingereza. Nikaeleza kosa la tarehe kwamba ni langu. Nikawaambia kijana aliyeshika mkuki kwenye picha yao ndiye mnunuzi, na kama aliyepiga picha hiyo amekufa kwa uzee, basi aliyepigwa naye si mtoto. Nikaeleza alama ya babu, na buti. Nikaituma ikiwa imebaki siku moja kwa hesabu yangu.

Hesabu yangu ilikuwa mbovu pia. Walihesabu tangu siku ya kujiandikisha, mimi nilihesabu tangu siku waliyotujibu. Na akaunti ilipofungwa, mkuki ulirudishwa sokoni. Barua yao ilikuja baada ya siku nne, safari hii imeandikwa na mtu mwenye jina, mwanamke. Aliomba radhi sana. Alisema ameamini kila neno. Lakini mkuki umenunuliwa na bwana mwingine na umeshaondoka, na sheria haimruhusu kusema ni nani. Kama pole, aliambatanisha ile picha ya zamani kwa ukubwa wake wote, bila malipo.

Nililia ofisini. Mama wa kiwanja alikuwepo, akadhani nimefiwa, akanipa pole, nikaipokea.

Sikumpigia Proti simu. Kuna mambo hayasemwi kwa simu, hasa kwa mtu ambaye umemkosesha. Jumamosi nilipanda Uru kwa wazazi wangu, nikakata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo. Wasio wa huku niwaeleze: sale ndio ule mmea mwembamba wa kijani tunaopanda mipakani na makaburini, na mtu akikuletea jani lake amekuja kuomba msamaha, nawe huwezi kumfukuza. Sijawahi kumpelekea mteja jani la sale kabla wala baada. Nililifunga kwenye kanga, nikatia kwenye bahasha ile picha niliyokuwa nimeichapa, nikaenda Kilema.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba, jua la saa nne limempiga magotini. Shikamoo yangu ilitoka ndogo. Nikapiga goti, nikamtolea jani kwa mikono miwili, nikasema yote: mkuki umekwenda, siku nilizihesabu vibaya, tarehe niliandika mimi, mwenye kosa ni mimi na si Wazungu wala mtandao. Proti alikuwa amesimama mlangoni na hakusogea. Mzee alilipokea jani, akaligeuza huku na huku. Nikampa picha. Aliitazama kwa muda mrefu zaidi, hasa miguu.

"Zilinibana," alisema. "Ukiziona ni kubwa, lakini zilinibana vidoleni. Nilizivaa mwezi mmoja."

Nikamwambia nisamehe, baba. Akasema nimeshapokea jani, unataka nini tena. Kisha akanyanyuka kwa fimbo, jani mkono wa pili.

"Wale watu wako walisema nizungumze na mzazi wangu," alisema. "Basi twende."

Tulikwenda watatu, yeye mbele. Si mbali, ni nyuma ya nyumba, chini ya migomba, makaburi mawili ya mawe yaliyozungukwa na masale. Proti alitaka kumshika mkono akakataa. Alisimama kwenye kaburi la baba yake, akaliweka lile jani langu juu ya jiwe. Alisema kwa Kichagga cha Kilema, ambacho mimi wa Uru nakisikia vizuri ila sikijibu. Alisema, baba, mkuki niliuchukua mimi. Kaka hakujua kitu. Nilitaka kuja nao, nimeukosa. Basi. Alikaa pale kwenye jiwe kama mtu aliyetua mzigo na anasubiri jasho likauke, na sisi tukasimama. Baadaye akaniuliza kama nimekunywa chai.

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua za masika. Proti alikuja ofisini tupige ratiba ya mazishi. Juu tuliweka ile picha, kijana na mkuki na buti, kwa sababu Mzee mwenyewe alikuwa ameagiza, na alitaka buti zionekane. Alikuwa ameagiza pia kwamba siku ya kumpeleka mgombani picha itangulie mbele, pale ambapo mkuki ungetangulia, na jina la kaka yake litajwe kwa sauti kanisani. Nikapiga jina lake, la mkewe, la kaka, la watoto. Nikafika kwenye kuzaliwa.

Proti akauliza hapo tuandike nini. Tarehe ya ubatizo ilikuwa ndani ya jalada, na mwaka ule wa uongo niliochagua kwenye orodha nilikuwa naukumbuka kwa kichwa. Rula ya Mama Filomena ilikuwa ukutani inanitazama. Nikamwambia tuache wazi.

Ndiyo hiyo kazi niliyotaka kuwaachia, pamoja na funguo. Ninyi sasa mnajaza fomu za watu siku nzima, mashine zenu hazikubali kuendelea mpaka kila kisanduku kijae, na najua mnajaza. Jazeni. Ila kabla hamjajaza, mgeukieni mtu aliyekaa kwenye benchi mkamuulize, naye atawaambia jambo ambalo halimo kwenye cheti.

Siku ya mazishi padre alisoma ratiba yote kutoka juu. Alipofika pale alisoma "Alizaliwa," akanyamaza kidogo, kisha akaendelea na mstari unaofuata. Hakuna aliyeirudisha karatasi ijazwe.